Ndugu wa Karibu

Ukitaka kutibiwa ovyo hapa duniani, uwe ndugu wa daktari. Mgonjwa asiyejulikana akifika kliniki hufunguliwa faili, hupimwa joto na presha, huulizwa anavyolala, anavyokula na anavyokwenda choo, kisha hulazwa kitandani na kubonyezwa tumbo kwa vidole vilivyosuguliwa kwanza vipate joto. Ndugu yeye huingilia mlango wa jikoni. Huulizwa "una nini tena?" na mtu ambaye mdomo wake umejaa chakula, hupewa vidonge vilivyobaki kabatini, na hurudi kwake akijiona ana bahati kuwa na daktari nyumbani.

Daktari wa hadithi hii hakuwa mbaya kazini, tusimdhulumu. Kibao cha kliniki yake kilisema "Daktari wa Familia", na kweli familia za mtaa mzima zilikuwa zake. Alijua mtoto yupi ana pumu na babu yupi anadanganya kuhusu sukari. Tena alikuwa na swali moja ambalo hakuna mwanamke, tangu aliyevunja ungo juzi hadi anayekaribia kukoma, aliyetoka chumbani mwake bila kuulizwa: "Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Aliliuliza akiwa anaandika, bila kuinua macho, ili mtu asione haya. Aliwauliza mabinti wa shule huku mama zao wakingoja nje. Aliwauliza walimu wao, aliwauliza wanawake walioolewa na watu wakubwa. Vijana wa udaktari waliokuja kujifunza kwake aliwaambia kwamba tumbo la mwanamke halisomwi bila tarehe, na wao wakaandika.

Mwanamke mmoja tu hakuwahi kumuuliza, naye ni Pacha.

Hawakuwa mapacha. Mama, fundi wa sare za shule, alikuwa amejifungua mtoto wa kike wakati mpangaji wake wa chumba cha uani alipojifungua wa kiume. Mpangaji alikufa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, na hakuna mwanamume aliyejitokeza kusema yule ni wangu. Basi Mama akawaweka wote wawili kifuani, ziwa la kulia la binti, la kushoto la mwana. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu wa pili hata mimba yake hakuilea yeye. Majirani wakawaita mapacha, wao wenyewe wakaitana Pacha, na jina halikuwatoka hata ukubwani. Cherehani ya Mama ndiyo iliyomsomesha mvulana hadi akavaa koti jeupe. Binti akawa karani wa posta, akaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, akazaa wasichana wawili waliokuwa wakimwita Daktari mjomba na kumpekua mifuko kila wakimwona.

Jumapili moja mchana Pacha aliingia jikoni kwa Daktari, ameshika ubavu. Daktari na mkewe walikuwa mezani, ndiyo kwanza wanaanza kula.

"Pacha, tumbo linanikata," alisema. "Huku chini, upande huu. Tangu jana."

"Umekula nini?"

"Hakipiti kitu. Na bega hili nalo, sijui nimelilalia vibaya."

"Tumbo na bega! Uzee huo, Pacha, unaingilia kila mlango."

Aliinuka, akanawa, akaja jikoni akitafuna. Alimbonyeza akiwa amesimama, juu ya gauni, macho yake yakiwa kwenye jokofu. Pacha alivuta pumzi kwa meno. Lile swali lilimjia Daktari, tena lilifika hadi kwenye ulimi. Akaona haya. Watu waliosuguliwa migongo kwenye beseni moja hawaulizani habari za mwezini. Akalimeza swali pamoja na tonge, akafungua kabati na kutoa vidonge vya kutuliza asidi.

"Vidonda vya tumbo hivyo. Acha pilipili, acha kukaa na njaa."

"Na kizunguzungu?"

"Si ndiyo hiyo njaa? Kaa ule."

"Ningekuwa mgonjwa wa kulipa," Pacha alisema, akivitia vidonge mkobani, "ungenivua hata viatu."

Wakacheka, yeye akicheka huku amekunja uso. Akaondoka polepole, na Daktari akarudi mezani kabla chakula hakijapoa. Mficha uchi hazai, husema watu. Pacha hakuwa ameficha chochote, alifichiwa.

Jumatatu alianguka posta, nyuma ya dirisha la stempu. Kwenye hospitali kubwa walimpasua haraka, wakakuta tumbo limejaa damu. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Hakuamka. Daktari wa upasuaji, ambaye walisoma pamoja, alimpigia Daktari simu akiwa na hasira ya mtu aliyechelewa kuletewa kazi.

"Wenzake wa posta wanasema alipewa vidonge vya asidi! Hakuna aliyemuuliza hedhi yake?"

"Sijui alipitia wapi," Daktari alijibu.

Huko ndiko kumkana Pacha kulikoanzia, kwenye simu, maiti haijapoa. Kwa Mama alikwenda na maneno mengine. Alimpigia magoti kwenye chumba cha cherehani na kumwambia ni kazi ya Mungu, ugonjwa wa kujificha huo, hata angekuwa daktari gani asingeujua. Mama alimshika kichwa akamlilia mabegani. Alimwambia, "Wewe ndiye umebaki." Mazishini Daktari alikaa na wafiwa, akapokea mikono ya pole hadi kiganja kikalowa.

Shemeji ndiye aliyevikuta vidonge kwenye mkoba wa marehemu. Alikuwa mtu wa kazi za mbali, leo anachomelea mapaa ya maghala huku, kesho kule, na siku ile tumbo lilipoanza hakuwepo. Alikuja kliniki na ovaroli lake lenye matundu ya cheche, akaviweka vidonge juu ya meza.

"Shem, hivi ni vya nini?"

Daktari alivihesabu kwa kidole.

"Alikuja kwangu," alisema.

"Ukamwangalia?"

"Nilimwangalia."

"Vizuri? Kama unavyowaangalia hawa waliojaa hapo nje?"

Shemeji hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Daktari hofu zaidi. Alisema tu atakwenda mahakamani, na kwamba hataki kusikia habari za undugu, kwa sababu undugu ndio uliomfikisha mkewe pale alipo. Baada ya yeye kutoka, Daktari alikaa akikiangalia kitanda cha kupimia, mizani ya watoto, pazia la kijani. Vyote vilikuwa vyake. Nyumba ilikuwa yake pia. Aliogopa kama mtoto aliyevunja chombo cha watu. Pacha hajamaliza mwezi kaburini, naye anahesabu fanicha!

Ndipo akakumbuka bima. Kila daktari mwenye kliniki huwa nayo, ile inayomlipia fidia mgonjwa pale daktari anapokosea. Alikuwa ameilipia tangu siku ya kwanza, akiilaani kila mara. Akapiga simu. Msichana wa upande wa pili alikuwa na sauti tamu kama anayeuza sabuni. Ndiyo, uzembe unalipiwa, ilimradi uthibitike. Jambo moja tu ambalo bima hailipii, ni daktari kumtibu ndugu yake wa karibu.

"Wa karibu, yaani wa damu?"

"Wa damu, au yeyote mnayetambuana hivyo. Marehemu alikuwa nani wako, Daktari?"

"Mgonjwa," alisema Daktari.

Ikawa mara ya pili, na safari hii ilimtoka kwa urahisi zaidi. Ulimi hauna mfupa.

Kilichobaki kilikuwa kumwingiza Shemeji kwenye mtego, na Daktari aliupamba mtego huo ukaonekana sadaka. Alimfuata nyumbani, akamweleza kwamba wakigombana wao kwa wao, mawakili watakula kliniki hadi mifupa na wasichana hawatapata hata mchuzi. Lakini bima ina mali. Bima haina uchungu, haina mama wala dada, inalipa inakwenda zake. Kinachotakiwa ni Shemeji adai, Daktari akiri kosa, na wote waseme Pacha alikuwa mgonjwa wa kawaida. Shemeji alisikiliza ameinamisha kichwa, akiwatazama wanawe wakisukumana kwenye mkeka. Alikubali kwa ajili yao, na kukubali kwenyewe kulikuwa kama kumeza mwiba.

Kampuni ya bima nayo haikuzaliwa jana. Ilinusa kitu, ikakataa kulipa, na shauri likapelekwa kwa msuluhishi, jaji mstaafu ambaye pande zote zilikubali neno lake liwe la mwisho. Siku chache kabla ya kusikilizwa walikutana kwa Mama kufanya mazoezi, katikati ya marundo ya sare za kijivu. Mama alikuwa anashona kola, mdomoni amebana pini.

"Usiniite shem," Daktari alimwonya Shemeji. "Niite Daktari."

"Sawa, shem."

"Unaona sasa!"

Walicheka kidogo, wakaona aibu. Wakaanza tena. Kwa nini alikuwa anaitwa Pacha? Utani wa mtaani. Kwa nini daktari alikaa na wafiwa? Jirani wa zamani. Watoto wanamwita mjomba? Watoto humwita kila mtu mjomba. Kila jibu lilikuwa dogo, na kila jibu liling'oa kitu. Wasichana wenyewe walikuwa wamepelekwa kwa jirani ili wasisikie. Mama alikanyaga cherehani wakati wote huo. Walipomaliza, alizitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake.

"Na mimi nitasema wewe ni nani?"

"Utasema kweli tupu, Mama. Kwamba hukunizaa. Mtoto wa mpangaji, basi."

"Hiyo ndiyo kweli?"

"Ndiyo karatasi zinavyosema. Ni kwa ajili ya watoto, Mama. Ni maneno tu."

"Haya," alisema Mama. Alichukua kola nyingine.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha ghorofani chenye meza ndefu, feni iliyokuwa ikilia kila inapozunguka, na jagi la maji lililofunikwa kwa sahani. Msuluhishi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Wakili wa bima alikuwa na mafua. Alipiga chafya, akaomba radhi, akapenga kamasi, na Daktari, ambaye ugonjwa wa mtu humvuta hata pasipofaa, alijikuta anataka kumwambia ajifukize. Mama na Shemeji walikaa nyuma kwenye viti vya plastiki.

"Daktari," wakili alianza kwa upole, "ulikulia nyumbani kwa huyu mama aliyeko hapa."

"Nilihifadhiwa pale. Mama yangu alikuwa mpangaji wao."

"Ulihifadhiwa. Kama mzigo?"

"Kama mtoto wa kazi. Nilichota maji, nilifagia, nilipeleka sare kwa wateja."

Yote yalikuwa kweli. Hakusema tu kwamba Pacha alichota na kufagia vilevile, na kwamba sare walizipeleka pamoja, yeye amebeba fungu na Pacha ameshika hesabu kwa sababu yeye alikuwa anaibiwa chenji.

"Ulilala wapi?"

"Jikoni."

Nayo ni kweli. Paa la nyumba lilipokuwa likivuja masika nzima, chumba kikavu kilikuwa jiko peke yake, na walilala humo wote, Mama katikati. Uongo uliojengwa kwa matofali ya kweli husimama imara, na Daktari aliona unasimama. Msuluhishi alikuwa anaandika huku akitikisa kichwa kwa huruma. Moto ukampanda. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu alikuwa ameshaona nchi kavu, akapiga mbizi moja zaidi ambayo hakuna aliyemwomba.

"Chakula nilikula mwisho," alisema. "Wao wakishashiba."

Alilitazama jagi la maji alipokuwa akilisema hilo. Katika nyumba ile aliyekula mwisho alikuwa Mama, na siku nyingine sufuria halikumngoja. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hupiga teke bila kuapa kwanza.

Wakili alipenga kamasi, akakunja leso taratibu.

"Basi nimekubali. Hakuwa ndugu. Alikuwa mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Mgonjwa wa kike mwenye maumivu ya tumbo huwa unamuuliza nini kwanza?"

"Siku zake."

"Kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa."

"Huyu ulimuuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo wakili alipokuwa ametega. Daktari aliuona mtego wazi kabisa. Jibu la kweli lilikuwa moja na kila aliyekuwa mle ndani angelielewa: nilimwonea haya, ni dada yangu. Angelitamka, angejitwalia heshima yake na kupoteza vingine vyote. Mwanamume anayemwonea haya dadake anasameheka. Daktari anayemsahau mgonjwa hasameheki, ila analipiwa.

"Nilisahau," alisema.

"Swali unalouliza kila siku?"

"Chakula kilikuwa mezani. Nilitaka nirudi kula."

Msuluhishi alivua miwani ya kusomea. Daktari akahisi amemshika, na kwa kuwa sasa kila uzito wa kosa ulikuwa unamwokoa, akaanza kuuongeza kwa mikono miwili. Alieleza kama anavyowafundisha vijana wake. Maumivu ya upande mmoja, bega, kizunguzungu: mwanafunzi angejua. Angemuuliza tu, marehemu angemjibu kwamba amepitiliza. Kipimo cha mimba kwa mkojo kilikuwa kwenye droo ya meza yake, hatua chache kutoka jikoni, kwa kuwa kliniki na nyumba vimepakana. Jibu hutoka kabla chai haijapoa. Angefikishwa hospitali Jumapili ileile, mrija haujapasuka.

"Angepona?" msuluhishi aliuliza.

"Bila shaka yoyote, mheshimiwa. Angekuwa hai leo. Hili halihitaji hata daktari bingwa."

Kiti cha plastiki kililia nyuma yake. Ndipo alipokumbuka, kwa kuchelewa, kile alichomwambia Mama akiwa amepiga magoti, kwamba hata angekuwa daktari gani asingejua. Hakugeuka.

Mama aliitwa. Alipita karibu naye, ananukia mafuta ya cherehani, akakaa, akaweka mikono juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa na vitundu vya sindano. Daktari aliomba kimoyomoyo. Hakuomba mengi, aliomba maneno matatu, mtoto wa mpangaji, kisha waende nyumbani. Aliapa kwamba wakitoka tu atamlipa Mama kwa mapenzi, atamhamishia kwake, atamnunulia cherehani ya umeme. Alikuwa anahonga hewa.

"Mama," alisema msuluhishi, "unamfahamu huyu daktari?"

"Namfahamu."

"Ni nani kwako?"

"Naomba nielewe kwanza, mheshimiwa. Akiwa si mtu wangu, nani analipa?"

"Kampuni ya bima, nikiridhika hivyo."

"Yeye je?"

"Yeye halipi kitu. Ndiyo kazi ya bima."

"Anarudi nyumbani kwake, anafungua kliniki?"

"Kama baraza la madaktari halitamchukulia hatua, ndiyo."

"Na akiwa mtu wangu?"

"Bima inajitoa. Mtadaiana wenyewe."

Shemeji alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti. Feni ikalia, ikazunguka, ikalia.

"Ni mwanangu," alisema Mama.

"Mama!" Shemeji alisimama.

"Ni mwanangu. Ziwa la kushoto lilikuwa lake. Alipoota meno aliling'ata, kovu lipo, mkitaka nitafungua vifungo muone. Jikoni tulilala wote. Na hakula mwisho. Alikula kwanza, kila siku, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuugua. Aliyekufa alikuwa dadake, na yeye anajua, na ndiyo maana hakumuuliza."

Wakili wa bima alisema hana swali, akapiga chafya na kuanza kukusanya karatasi zake. Msuluhishi alimtazama Daktari kwa ile miwani ya kutazamia watu, muda mrefu, hadi Daktari akainamisha macho. Uamuzi wenyewe haukuchukua muda. Bima ilijitoa.

Kwenye ujia wa nje, Daktari aliegemea kwanza ukuta wenye rangi iliyobanduka. Kliniki ilikuwa imekwenda. Nyumba huenda nayo ingekwenda. Lakini, binadamu ni kiumbe wa ajabu, katikati ya hasara ile kulikuwa na kitu cha moto kifuani mwake, na kilikuwa kinakaribia kuwa furaha. Alikuwa amemkana yule mwanamke mbele ya watu, amemfanya mnyanyasaji, naye amesimama na kumwita mwanangu. Hakuweza kunikana, aliwaza. Mama ni mama. Machozi yalimtoka, na safari hii yalikuwa ya kweli.

Mama alikuwa ameshika ukuta anatembea. Daktari alimwendea, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, akamshika mikono.

"Mama, asante."

"Ya nini?"

"Hukunikana."

"Ningekukana," alisema Mama, "ungekwenda nyumbani kula."

Hakumnyang'anya mikono. Aliiacha mle mle mikononi mwake, imelegea, na Daktari akatambua kwamba ameshika kitu kisichomshika. Alitaka kuiachia, asijue ataiachiaje.

Shemeji alikuja nyuma yao, uso umemvimba.

"Mama, umetumaliza. Wanangu watakula nini? Mimi keshokutwa nakwenda kazini huko, nawaacha na nani?"

"Watakula kwa mjomba wao. Bima ingewapa fedha, fedha zingekwisha. Huyu hataisha upesi." Kisha akamwinamia Daktari, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya kumwagiza mtoto dukani. "Uza unachoweza kuuza. Wasichana wanahamia kwako Jumamosi. Utawalisha, utawasomesha. Asubuhi watakuamkia, nawe utawaitikia. Wakikuuliza mama yao alikufaje, utawaeleza vilevile ulivyoeleza mle ndani, vizuri, kwa mpangilio. Na ile droo uwaonyeshe."

"Mama, wale ni watoto."

"Na wewe ni mwanangu. Nimesema mbele ya jaji. Inuka, utachafua suruali."

Daktari aliinuka. Alisema sawa, atafanya, atafanya yote, na alimaanisha. Alitaka hata aagizwe zaidi, maana kila agizo lilikuwa uzi, na mtu huwafunga kwa uzi walio wake. Mama alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, Shemeji amemshika kiwiko. Kwenye ngazi ya pili alisimama kama aliyekumbuka kitu kidogo.

"Mdogo ana kifua, unajua. Usiku hukohoa."

"Najua, Mama. Nitamwangalia."

"Usimguse," alisema Mama. "Wakiumwa, wapeleke kwa daktari."